I7 ya zamani au i3 ya juzi: tusinunue jina, tununue kazi

Haya ni maelezo ya mazungumzo yetu ya wiki, kama yalivyosomwa redioni.

Wiki hii nimeona niweke kando siasa na bei ya kahawa, nijibu barua ya msikilizaji wetu mmoja wa Kemondo. Ninaijibu hewani kwa sababu swali lake si la mtu mmoja. Ni swali la mwalimu mkuu aliyekabidhiwa fedha za wazazi, la katibu wa chama cha msingi anayetaka kuachana na madaftari, na la kila mzazi ambaye mwanawe amemwambia kwamba bila kompyuta masomo hayaendi.

Kijana huyu anataka kufungua duka la steshenari pale Kemondo, kando ya barabara iendayo Muleba. Atachapa barua, atatoa fotokopi, ataskani vyeti, na atawasaidia vijana kujaza maombi ya mkopo wa elimu ya juu na maombi ya kazi serikalini. Ana akiba yake kidogo, na baba yake amemwongezea fedha za kahawa. Ameonyeshwa kompyuta mbili za mezani, zote za mtumba. Ya kwanza ina prosesa ya Intel Core i7-2600. Ya pili ina Intel Core i3-10100, na bei yake imeizidi ya kwanza kwa shilingi laki mbili. Muuzaji amemwambia maneno haya: "I7 ndiyo baba, i3 ni mtoto. Mimi ningekuwa wewe ningechukua baba, halafu laki mbili ningenunulia karatasi." Kijana anauliza: kwa nini mtoto auzwe ghali kuliko baba?

Ni swali zuri, na fedha anazoulizia ni fedha za kahawa, ambazo haziji kila mwezi. Akikosea leo, atasubiri msimu mwingine.

Tuanze na majina. Prosesa ndiyo sehemu ya kompyuta inayofanya hesabu na kutekeleza amri zote. Kampuni ya Intel ya Marekani ilianza kutumia jina la Core i7 mwishoni mwa mwaka 2008, na i3 ikafuata mwaka 2010. Ndani ya mwaka mmoja, utaratibu wake ulikuwa rahisi: i3 kwa kazi ndogo, i5 kwa kazi ya kati, i7 kwa kazi nzito. Tatizo ni kwamba majina hayo yalirudiwa mwaka baada ya mwaka, huku kilichomo ndani kikibadilika. Kwa hiyo ukiambiwa "i7" tu, umeambiwa nusu ya habari. Nusu ya pili imo katika namba inayofuata. Namba 2600 inaanza na 2, maana yake ni kizazi cha pili, kilichotoka mwanzoni mwa mwaka 2011. Namba 10100 inaanza na 10, yaani kizazi cha kumi, kilichotoka mwaka 2020. Kati ya baba na mtoto wa muuzaji wetu kuna miaka tisa, na huyo anayeitwa mtoto ndiye aliyezaliwa baada ya wahandisi kujifunza kwa miaka hiyo yote.

Watu wa Kemondo hawahitaji kufundishwa jambo hili na mtu wa redio. Meli ya MV Victoria ilianza safari zake ziwani mwaka 1961. Baadaye ilisimama kwa miaka kadhaa, ikafanyiwa ukarabati mkubwa na kufungwa injini mpya, ikarudi majini mwaka 2020 kwa jina la New Victoria Hapa Kazi Tu. Abiria anayeisubiri gatini Kemondo anaona ubavu uleule, na jina linakaribia kuwa lilelile, lakini kinachoisukuma ni kingine. Wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa. Basi tufunue tuone jinsi mashine hizi mbili zilivyoundwa.

Prosesa zote mbili zina viini vinne. Kiini ni kama mpiga kasia mmoja ndani ya mtumbwi. Kila kiini kina uwezo wa kushika kazi mbili kwa kupokezana, hivyo zote mbili zinaweza kushika kazi nane kwa wakati mmoja. Hapo ni sare, na sare hiyo yenyewe ni habari. Mwaka 2011 mpangilio huo wa nne kwa nane ulikuwa sifa ya i7. Kufikia mwaka 2020 ulikuwa umeteremka hadi kwenye i3.

Tuje kwenye mwendo. Mwendo wa prosesa hupimwa kwa gigahezi, yaani mapigo bilioni moja kwa sekunde. I7-2600 ina mwendo wa kawaida wa gigahezi 3.4, na ikisukumwa hufika 3.8. I3-10100 ina mwendo wa kawaida wa 3.6, na ikisukumwa hufika 4.3. Mtu akitazama namba hizo peke yake atasema tofauti ni ndogo, wala haifai laki mbili. Hapo ndipo wengi huteleza.

Gigahezi huhesabu mapigo ya kasia. Hazisemi kila pigo linasogeza mtumbwi umbali gani. Wavuvi wawili wanaweza kupiga makasia kwa mdundo mmoja kutoka ufukwe uleule, mmoja akafika mbele kwa sababu kasia lake ni pana na mtumbwi wake umechongwa vizuri. Prosesa ya kizazi cha kumi inafanya kazi nyingi zaidi katika kila pigo kuliko ile ya kizazi cha pili. Ukijumlisha faida hiyo na yale mapigo machache ya ziada, unapata matokeo haya: katika vipimo vya kampuni ya PassMark ya Australia, ambayo hukusanya majaribio ya watumiaji kutoka duniani kote, i7-2600 hupata alama zaidi ya 5,000, na i3-10100 hupata zaidi ya 8,000. Kiini kimoja kikishindanishwa na kiini kimoja, ile ya kizazi cha kumi huwa mbele kwa takriban mara moja na nusu. Kwa ufupi, mtoto anampita baba mbio, na si kwa pua tu.

Aidha, prosesa haifanyi kazi peke yake. Huchota data kutoka kwenye memori, ile ambayo mafundi huiita RAM. I7-2600 hutumia memori za DDR3, na mwendo rasmi wake unaishia 1333. I3-10100 hutumia DDR4, na mwendo rasmi wake unafika 2666, yaani mara mbili. Ni sawa na kuwa na mpishi hodari ambaye maji analetewa kwa ndoo moja, na mwingine ambaye analetewa kwa ndoo mbili.

Lakini tumpe kila mmoja haki yake. I7-2600 ina akiba ya ndani ya megabaiti 8, na i3-10100 ina megabaiti 6. Akiba hiyo ni kama kikapu kilicho karibu na mkono wa mfanyakazi, na katika hilo baba anaongoza. Pia, kwa kuchapa barua ya kuomba kazi, mteja akiwa amesimama hapo anasubiri, hutaona tofauti yoyote kati ya hizi mbili. Zote zitakuwa zinakusubiri wewe ubonyeze herufi. Hakuna prosesa inayochapa haraka kuliko vidole vya mwenye duka.

Tofauti inajitokeza mahali pengine. Siku ya mwisho ya maombi inapokaribia, foleni imefika mlangoni, kurasa kumi za intaneti zimefunguliwa, cheti kinaskaniwa, faili la picha linapunguzwa ukubwa, na printa inasubiri. Hapo kazi nyingi zinakwenda kwa pamoja, na sekunde zinazopotea kwa kila mteja zinakuwa dakika. Vilevile katika video. Sehemu ya picha iliyomo ndani ya i3-10100 inajua yenyewe kufungua aina za video zinazotumika sana mtandaoni miaka hii. Ile iliyomo ndani ya i7-2600 imezikuta aina nyingi kati ya hizo zikiwa bado hazijazaliwa, kwa hiyo mzigo wote unaangukia prosesa, feni inaanza kulia, na kompyuta inakuwa nzito. Kwa shule inayotaka kuonyesha masomo kwa video, hilo si jambo dogo.

Sasa umeme. Kwa miaka mingi Bukoba na sehemu kubwa ya mkoa wetu zilitegemea umeme unaonunuliwa Uganda, na kukatika kwake tunakujua wote. I7-2600 imeandikwa wati 95, i3-10100 imeandikwa wati 65. Namba hizo zinaeleza joto ambalo feni inapaswa kuliondoa prosesa inapofanya kazi nzito. Tuchukue hali mbaya kabisa: kazi nzito saa kumi mfululizo, na tofauti ya wati 30. Ni theluthi ya uniti kwa siku, au pungufu kidogo. Kwa bei ya uniti inayozidi kidogo shilingi mia tatu, unazungumzia kama shilingi mia moja kwa siku, na kwa kazi za kawaida za steshenari itakuwa chini ya hapo. Kwa hiyo muuzaji akikwambia i3 itajilipa yenyewe kwa umeme, naye pia usimwamini moja kwa moja. Faida utaiona zaidi umeme unapokatika na kompyuta inaendeshwa na betri: yenye njaa ndogo huishi muda mrefu zaidi.

Mpaka hapa, ndugu wasikilizaji, mtu anaweza kusema: sawa, i3 ina mbio, lakini mimi sina haraka, nitachukua ya bei nafuu. Ni hoja halali. Ila kuna jambo moja ambalo kwa maoni yangu linazidi mbio, nalo ni usalama.

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10. Maana yake ni kwamba viraka vya kuziba matundu ambayo wezi wa mtandaoni huyavumbua havitolewi tena kwa kila mtu kama ilivyokuwa. Aliyejiandikisha katika mpango wa nyongeza aliongezewa muda tu. Programu iliyochukua nafasi yake ni Windows 11, na kwa upande wa Intel, Microsoft inazikubali rasmi prosesa za kizazi cha nane na kuendelea, isipokuwa chache sana za kabla ya hapo. I3-10100 imo katika orodha hiyo. I7-2600 haimo. Fundi mjanja anaweza kuilazimisha Windows 11 ikaingia kwenye kompyuta ya mwaka 2011, na wapo wanaofanya hivyo kisha wakaiuza kwa maneno matamu. Lakini Microsoft haitoi ahadi kwamba kompyuta iliyolazimishwa itaendelea kupata viraka.

Hata ndani ya prosesa zenyewe umri una gharama. Januari 2018 zilitangazwa kasoro mbili zilizopewa majina ya Meltdown na Spectre, zilizokuwa zimejificha ndani ya prosesa kwa miaka mingi. Viraka vilivyotolewa kuziziba vilipunguza mwendo wa kompyuta nyingi, na za zamani ndizo zilizoumia zaidi.

Nani ataumia kompyuta ya steshenari ikiingiliwa? Mwenye duka ataumia, lakini si peke yake. Fikiria ni nani anayeketi kwenye kile kiti cha mteja. Ni msichana aliyemaliza kidato cha sita, anataja namba yake ya kitambulisho cha taifa, jina la mama yake, na neno lake la siri. Ni mzee anayefuatilia mafao, ameacha nakala ya kadi yake ya benki. Ni mwalimu aliyechomeka flashi iliyokwisha pita katika kompyuta kumi nyingine, na kila moja ina virusi vyake. Watu hawa hawajui kama kompyuta mbele yao ni i7 au i3, wala hawaulizi. Wamemwamini mwenye duka. Na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde. Steshenari ya Kemondo haikusamehewa kwa kuwa ni ndogo.

Kwa sababu hiyo jibu langu kwa kijana wetu ni hili: kama laki mbili zipo, chukua i3-10100. Hulipii namba ndogo. Unalipia miaka tisa ya maarifa, pamoja na haki ya kuendelea kupata viraka vya usalama.

Hata hivyo, usitoe fedha kabla hujatazama mambo mawili. La kwanza ni diski. Kompyuta yenye diski ya kizamani, ile yenye sahani inayozunguka, itachelewa kuwaka na kufungua programu hata ukiiwekea prosesa ya mfalme. Diski ya SSD ndiyo inayoleta mabadiliko ambayo mteja atayaona kwa macho. La pili ni memori: gigabaiti 8 ndizo za kuanzia kwa kazi ya steshenari. Kama ile i3 ina diski ya kizamani na gigabaiti 4, na ile i7 ina SSD na gigabaiti 8, basi dukani i7 itaonekana kuwa nyepesi zaidi, na muuzaji atakuonyesha hilo kwa furaha. Usidanganyike. Diski na memori vinaweza kubadilishwa na fundi yeyote kwa nusu saa. Prosesa ya kizazi cha kumi haiingii kabisa katika ubao wa kompyuta ya mwaka 2011, kwani hata tundu lake ni tofauti.

Na kama laki mbili hazipo? Sitaki kumwambia mtu asifungue duka kwa sababu ya ushauri wa redioni. I7-2600 bado ni mashine ya kazi, mradi uipe SSD na uiondoe kwenye Windows iliyoachwa. Iwekee Linux, kama vile Ubuntu au Linux Mint, ambazo hazilipiwi na bado hutolewa viraka. Barua na majedwali utayafanya kwa LibreOffice. Wasomaji wenye kumbukumbu wanajua kwamba ndugu yake wa mwanzo, OpenOffice, alitafsiriwa kwa Kiswahili chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kuzinduliwa mwaka 2004 kwa jina la Jambo OpenOffice. Utasumbuka kidogo na baadhi ya printa, na nyaraka za wateja waliotumia Word wakati mwingine zitasogea mistari. Lakini ni usumbufu wa halali, unaojulikana mapema.

Nchi yetu ina historia katika jambo hili. Kompyuta ya kwanza Tanzania ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Miaka michache baadaye ikaja nyingine kubwa zaidi, hesabu za serikali zikavurugika badala ya kunyooka, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, pamoja na televisheni. Marufuku hiyo ilikuja kulegezwa polepole. Mtu anaweza kuilaumu kwa kutuchelewesha. Mimi naona funzo lililotangulia marufuku yenyewe: mashine ilinunuliwa kwa sifa zake kabla ya kuulizwa itafanya kazi gani, mikononi mwa nani, na nani ataitunza. Siku hizi hakuna marufuku, kompyuta zinakuja kwa makontena, na swali ni lilelile, ila limehama kutoka wizarani hadi kwenye kaunta ya duka.

Kwa hiyo wito wangu ni kwa shule, vyama vya msingi, parokia na misikiti inayonunua kompyuta kwa michango ya watu. Msiandike kwenye barua ya zabuni kwamba "tunahitaji kompyuta kumi za i5" au "za i7". Ukiandika hivyo umemfungulia mlango mwenye stoo ya mizigo ya mwaka 2011, naye akikuletea atakuwa hajavunja mkataba. Andikeni kizazi cha prosesa, ukubwa wa memori, aina ya diski, na kwamba kompyuta iwe inakubalika rasmi kwa Windows 11. Kama ni za AMD, zile zinazoitwa Ryzen 3, 5 na 7, kanuni ni ileile: namba kubwa ya mbele pekee haitoshi, ulizeni namba kamili na mwaka iliyotoka.

Siku ya kupokea, msikubali kibandiko kilichobandikwa nje, maana kibandiko kinauzwa na gundi ipo. Washeni kila kompyuta. Bonyezeni kitufe chenye alama ya Windows pamoja na herufi R, andikeni dxdiag, bonyezeni Enter. Kompyuta itataja yenyewe jina kamili la prosesa yake na kiasi cha memori. Ni kazi ya dakika moja, na haihitaji diploma.

Mkulima wa Kagera anapopeleka kahawa yake chamani, haipokelewi kwa maandishi yaliyo kwenye gunia. Hufunguliwa, hutazamwa, hupimwa unyevu, ndipo ikapanda mzani. Hakuna anayeona kwamba ametukanwa kwa kupimiwa. Basi fedha ya kahawa hiyohiyo inapokwenda kununua kompyuta, nayo ina haki ya kudai kipimo.

Hayo ndiyo niliyowaandalia kwa wiki hii. Mwenye swali au maoni aniandikie, tutayajadili hapahapa.